Ua wa nyumba yako utakushuhudia au utakushitaki?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye huruma yake haikuishia kwa wanadamu tu, bali iliwafikia ngamia, ndege, paka na hata mbwa wa njiani.

Ama baada ya utangulizi huo, ndugu msomaji, wiki hii nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo. Nalo ni namna tunavyoupanga ua wa nyumba zetu, miti tunayopanda humo, ukuta tunaouzungusha na vitu tunavyovimwaga pembeni, ilhali ndani ya ua huo huo tumewaweka paka, kuku, bata, njiwa, sungura, mbuzi na wengine mbwa wa ulinzi. Mimi nimeliona ni jambo kubwa kwa sababu limenifika mwenyewe, na si uadilifu mwalimu akazungumzia makosa ya watu wengine kila wiki, kisha la kwake akalifunika.

Ninasomesha Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya huruma kwa viumbe huwaeleza wanafunzi hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nimeisomesha kwa zaidi ya miaka kumi. Naijua kwa Kiarabu chake na kwa Kiswahili chake.

Mwaka juzi, wakati wa masika, panya walituzidi nyumbani kwetu Mbagala. Jioni moja akapita muuza sumu na kipaza sauti chake, akitangaza dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto. Nikanunua vipakiti viwili. Nikachanganya na dagaa na unga, nikaweka nyuma ya ndoo za maua pembeni mwa ukuta. Kisha nikafunga geti, nikaenda kuswali Isha.

Alfajiri natoka kwenda msikitini nikamkuta paka wetu, ambaye watoto walimpa jina la Madoa, amelala chini ya bomba. Mate yalikuwa yanamchuruzika na mwili mzima unatetemeka. Palipokucha nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Swali lake la kwanza lilikuwa, ni sumu gani aliyokula? Nilikuwa na pakiti tupu mkononi, lakini haikuwa na maandishi yoyote. Si jina la sumu, si mtengenezaji, si maelekezo. Daktari alijitahidi kwa alichonacho. Madoa akafa kabla ya Adhuhuri.

Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minane, hakulia. Alirudi kutoka madrasa, akakaa karibu yangu, akaniuliza, "Baba, yule mwanamke wa kwenye hadithi alimfungia paka. Na geti letu lilikuwa limefungwa?"

Nikamwambia, ndiyo mama, lilikuwa limefungwa.

Tangu siku hiyo nimeirejea hadithi ile kama mtu anayeisoma mara ya kwanza. Haya ninayoyaandika ni niliyoyapata humo.

Kosa la mwanamke yule lilikuwa nini?

Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mwanamke yule aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Kisha akabainisha mambo mawili: hakumpa chakula wala maji alipomfungia, na wala hakumwacha huru ajitafutie wadudu wa ardhini.

Tuzingatie vizuri. Paka yule alikuwa na njia mbili za kuishi. Njia ya kwanza ni mkono wa mwenye nyumba. Njia ya pili ni ardhi ya Allah, ambayo imejaa riziki yake. Katika Suratul Hud, aya ya 6, Allah (s.w.) anatufahamisha kwamba hakuna kiumbe chochote kitembeacho juu ya ardhi ila riziki yake iko juu Yake. Na katika Suratur Rahman, aya ya 10, anatufahamisha kuwa ardhi ameiweka kwa ajili ya viumbe. Hakuiweka kwa ajili ya wenye hati za viwanja peke yao. Mwanamke yule aliifunga njia ya pili, kisha akakataa kuwa njia ya kwanza.

Sasa, ndugu yangu, ukuta ni nini kama si kuifunga njia ya pili? Unapozungusha ukuta wa futi nane, ukaupachika vipande vya chupa juu, ukaweka geti la chuma, umemtenga mnyama na ardhi ambayo Mola wake alimwandalia. Hujatenda dhambi kwa hilo, kwani kulinda mali na familia ni katika sheria. Lakini kuanzia siku hiyo, kila alichokuwa akikipata katika ardhi ya Allah sasa kinadaiwa kwako. Kivuli kinadaiwa kwako. Maji, chakula, mahali pa kujificha na usalama wake vinadaiwa kwako. Ukuta umekutwisha amana.

Ngamia aliyelia bustanini

Kuna hadithi nyingine inayotuhusu zaidi sisi wenye nyua na bustani. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari pale Madina. Humo mlikuwa na ngamia. Ngamia yule alipomuona Mtume (s.a.w.) akatoa sauti ya kulalamika na macho yake yakabubujika machozi. Mtume akamsogelea, akampangusa nyuma ya masikio, mpaka akatulia. Kisha akauliza ngamia yule ni wa nani. Akajitokeza kijana wa Kiansari akasema ni wake. Mtume akamkemea kwamba kwa nini hamchi Allah kuhusiana na mnyama ambaye Allah amemmilikisha, kwani ameshitaki kuwa anashindishwa njaa na anachoshwa kwa kazi.

Tujiulize, shitaka lile lilitolewa wapi? Halikutolewa jangwani wala machinjioni. Lilitolewa ndani ya bustani. Inawezekana kabisa bustani ikawa nzuri kwa mwenyewe na kwa wageni wake, na ndani yake mna kiumbe anayelia. Uzuri wa ua hauonekani kwa jicho la mgeni aliyesimama getini tu. Uangalie pia kwa jicho la anayeishi humo saa ishirini na nne na hana ufunguo.

Mama yangu mzazi aliliona hili kabla yangu. Alikuja kutoka Tanga kututembelea mwaka tuliohamia, ua ukiwa umeshasakafiwa wote kwa vitofali vya saruji, ukuta umepakwa rangi, maua yako ndani ya ndoo kwa mstari. Nilitarajia anisifu. Akazunguka, akasimama, akasema, "Mwanangu, umejenga nyumba nzuri. Ila kuku akitaka kulala chini hapa, atalala wapi?" Nikacheka. Leo sicheki.

Tuanze na sumu

Nataka tuzungumze kwa vitendo, kwa sababu mawaidha yasiyofika uani hayatusaidii.

La kwanza ni sumu. Kuua panya si kosa. Mtume (s.a.w.) amemtaja panya katika viumbe waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini kanuni ya sheria inatufundisha kuwa kusiwe na kudhuru wala kudhuriana. Huondoi madhara kwa kuleta madhara makubwa zaidi. Sumu ya panya haichagui. Paka akila chambo anakufa, na akila panya aliyekula chambo anaweza kufa vilevile. Kuku anadonoa punje, mbwa analamba chombo, na mtoto anayetambaa anaokota chochote kilicho chini.

Zipo sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Mnyama aliyezila anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, kumbe anavuja damu kwa ndani. Aina hiyo ina tiba, nayo ni vitamini K anayoitoa daktari, ikiwahiwa. Zipo nyingine zinazoshambulia mishipa ya fahamu, na hizo humaliza kwa saa chache. Tiba ya hii siyo tiba ya ile. Ndiyo maana pakiti isiyo na jina ni hatari mara mbili, inaua na inaificha tiba. Mimi kwangu nimeacha kabisa. Nimeziba matundu ya chini ya ukuta kwa saruji na wavu wa chuma, taka za jikoni nimeziwekea pipa lenye mfuniko, pumba za kuku zinalala ndani ya debe, na mtego wa kubana unawekwa stoo ambako paka haingii. Panya wamepungua kuliko wakati wa sumu.

Mimea ya kuogopa na mimea ya kupanda

La pili ni mimea. Wengi tunanunua miche barabarani kwa kuangalia ua lake tu. Ipo mimea ambayo haifai kuwa ndani ya ua wenye wanyama na watoto. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, mbegu zake zina sumu kali sana. Mbono unaopandwa kuwa uzio, mbegu zake pia ni sumu. Mnyaa, ule wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na ukiingia jichoni unaweza kulipofua. Oleanda, inayopendwa kwa maua yake ya waridi na meupe, ina sumu ya moyo kuanzia jani mpaka kijiti. Yungiyungi, yale maua makubwa yanayopambia kumbi za harusi, yanaharibu figo za paka. Hata vumbi la ua akililamba kwenye manyoya yake, au akinywa maji ya chombo lilimowekwa, linatosha kumuua.

Badala yake, je, tumepungukiwa? Wazee wetu wa Pwani walipanda asumini, waridi na rehani karibu na nyumba, na yote haya paka anapita katikati yake bila kudhurika, ila miiba ya waridi. Kwa kivuli wakapanda mwembe, mpera na mkungu. Mtu anapata harufu nzuri, anapata tunda, na mnyama anapata pa kulala.

Na thawabu yake iko wazi. Kutoka kwa Anas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu yeyote anayepanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi kwake hiyo ni sadaka. Mnyama ametajwa pamoja na mtu. Mpera wako unaweza kukuandikia mema umelala, unaweza kukuandikia mema ukiwa umeshazikwa. Lakini anayepanda sumu ndani ya ua, mnyama wake akala, ataandikiwa nini?

Kivuli, udongo na maji

La tatu ni ardhi yenyewe. Vitofali vya saruji vinapendeza na vinazuia matope, sikatai. Lakini vikipigwa na jua la Januari na Februari, saa saba mchana huwezi kukanyaga bila viatu. Paka na mbwa hawana viatu. Kuku naye ana ada yake ambayo Allah amemuumbia, hujisafisha kwa kuoga vumbi ili kupunguza wadudu katika manyoya. Ukimsakafia ua wote, umemnyima josho lake. Basi tuache walau sehemu moja ya udongo mkavu chini ya mti. Mimi nilibandua vitofali upande wa mashariki, hatua nne kwa tano hivi, nikapanda mpera, nikamwaga mchanga na majivu pembeni. Siku ya tatu kuku wote walikuwa humo.

Udongo huo una kazi ya pili. Paka hujisaidia kwenye udongo laini kisha akafukia. Asipotengewa pa kwake, atatumia tuta la mchicha. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mama mjamzito asikishike. Mwekee paka kona yake ya mchanga mbali na mboga, kona hiyo isafishwe mara kwa mara, na mboga zioshwe vizuri. Hapo paka, mboga na mama wote wamesalimika.

La nne ni maji. Sote tunaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Allah akamsamehe. Maswahaba wakauliza kama wana ujira kwa wanyama, na Mtume (s.a.w.) akawajibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kuna ujira. Ameipokea Abu Hurayra (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtu yule aliteremka kisimani. Sisi bomba liko mlangoni.

Chombo cha maji kiwe kizito kisipinduke, kiwe kifupi ili kifaranga asizame, kiwe kivulini, na maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku. Maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu, na mji wetu wa Dar es Salaam umeshaonja homa ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019. Kisima, shimo la choo na tangi la chini ya ardhi vifunikwe kwa mfuniko mzito, maana shimo linalommeza paka usiku linaweza kummeza mtoto asubuhi. Na pale tunapotilia udhu tunaweza kuchimba kijifereji, maji yakaelekea kwenye shina la mti. Maji yaliyotiliwa udhu ni tohara, na mti hauna haja na zaidi ya hilo.

La tano ni ukuta. Vipande vya chupa na seng'enge vinamkata paka kabla ya kumkata mwizi. Asiyeweza kuviacha, basi aache mwanya chini ya geti au pembeni ambapo paka anaweza kupita. Huko ndiko kumwachia ile njia ya pili iliyotajwa katika hadithi. Lakini kwa kuku na sungura ni kinyume chake. Wao ulinzi wao ni kufungiwa usiku, kwani nguchiro na kicheche hawalali, na mchana kunguru anawanyakua vifaranga. Banda liwe na wavu imara, liinuliwe kutoka chini, lipitishe hewa, lisielekee mvua, wala lisijazwe mpaka wakakosa pa kugeuka. Mnyama mmoja haki yake ni mlango wazi, mwingine haki yake ni mlango uliofungwa. Mfugaji lazima ajue nani ni nani.

Vipi kuhusu mbwa?

Najua swali hili litaulizwa. Mafundisho yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wapo wanazuoni walioingiza humo ulinzi wa nyumba inapohitajika. Kumfuga bila haja kunapunguza ujira wa mtu kila siku, kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi. Nasi wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, ambamo chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Lakini hukumu ya tohara ni hukumu ya tohara, haikuwa ruhusa ya dhulma. Mbwa wa ulinzi anayefungwa mnyororo wa mita moja juani kutwa, maji yake yamepinduka tangu asubuhi, kisa ni najisi, huyo anadhulumiwa. Ukiamua kumweka, mpangie upande wake wa ua, mbali na njia ya msikitini na mahali pa kuswalia, awe na chombo chake, kibanda chenye kivuli, nafasi ya kukimbia, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Ua ukipangwa vizuri, tohara yako inahifadhika na haki yake inahifadhika. Tukumbuke kuwa mbwa wa kisimani alisababisha msamaha.

Hoja ya wenye haraka

Wapo watakaosema, ustadhi, watu hawana ada za shule, wewe unatuletea habari za paka na vivuli? Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Haki ya mwanadamu ni kubwa zaidi, na mwenye jirani mwenye njaa aanze na jirani. Lakini mengi niliyoyataja hayana gharama. Kutokununua sumu kunaokoa fedha. Kung'oa mbarika ni bure. Sufuria kuukuu ya maji ni bure. Mche wa mpera ni sadaka ya bei ndogo kabisa. Wala usiseme mimi ni mpangaji, ua si wangu. Wapangaji wa nyumba moja wanaweza kukubaliana mambo matatu: sumu isimwagwe uani, maji yawepo, shimo lifunikwe. Na watoto wao wote watanufaika, wenye paka na wasio na paka.

Tena huruma haigawanyiki. Sijawahi kumuona mtu aliyejifunza kumhurumia mnyama, kisha hilo likamfanya awe mkali kwa yatima.

Bustani ya paka ya Cairo

Waislamu waliotutangulia hawakuishia kwenye mawaidha. Sultani Dhahir Baybars, aliyetawala Misri na Sham kuanzia mwaka 1260 mpaka 1277, alijenga msikiti wake kaskazini mwa Cairo katika miaka ya 1260. Karibu na msikiti huo akaacha bustani nzima kuwa wakfu, mapato yake yawalishe paka wasio na mwenyewe. Watu wakaiita Bustani ya Paka.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo na kuchapa kitabu chake kuhusu maisha ya Wamisri mwaka 1836, ameeleza yaliyofuata. Bustani ile iliuzwa, ikauzwa tena na tena, mpaka kilichobaki kwa paka ni kodi ndogo isiyotosha kitu. Hata hivyo desturi haikufa. Mzigo ukaangukia kwa Kadhi, na kila siku alasiri mabaki ya nyama yakawa yanaletwa katika ua wa mahakama yake, na paka wanakusanyika kula.

Kisa hiki kinanigusa mara mbili. Kwanza, kinaonyesha kwamba wenzetu walimtengea mnyama ardhi, hawakumtengea makombo tu. Pili, kinaonyesha jinsi haki ya asiyeweza kusema inavyoliwa kipande kwa kipande, na hakuna paka aliyekwenda kushitaki. Viwanja vyetu navyo viko hivyo. Leo chumba cha kupangisha, kesho maegesho ya gari, keshokutwa vitofali, mpaka mwisho kuku anakosa mahali pa kulala. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja amechukua kipande tu.

Bila ya kujua

Namalizia na sisimizi. Katika Suratun Naml, aya ya 18, tunafahamishwa kuwa sisimizi aliwaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Sulayman (a.s.) na majeshi yake bila ya wao kujua. Hata sisimizi aliwadhania wema, kwamba kama wakiwaponda, itakuwa ni kwa kutokujua.

Nilijaribu kujificha nyuma ya maneno hayo kuhusu Madoa. Sikukusudia. Sikujua. Kisha nikajiuliza, kweli sikujua? Nilijua kuwa nina paka. Nilijua kuwa ile ni sumu. Nilijua kuwa geti nimelifunga na juu ya ukuta pana chupa. Nilichokosa si elimu, ni kusimama dakika moja kuufikiria ua wangu kwa niaba ya asiyeweza kuniuliza. Nimetubia kwa Allah, na toba ina masharti yake: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Kuna siku nitasimama mbele ya Mola wangu na ardhi itatoa habari zake, kama inavyotufahamisha Suratuz Zilzalah. Kipande cha Mbagala nilichokizungushia ukuta nacho kitazungumza.

Binti yangu sasa ndiye mwenye zamu ya chombo cha maji chini ya mpera. Kila asubuhi anamwaga ya jana, anasugua, anaweka mapya, kabla hajavaa viatu vya shule. Tuna paka mwingine, aliingia mwenyewe kwa ule mwanya wa pembeni mwa geti. Siku moja nilimkuta binti yangu amelala kifudifudi kwenye vitofali, uso umegusa chini, anatazama huku na huku. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Naangalia kama paka anavyoangalia, baba. Kuna kitu nyuma ya ndoo." Kilikuwa kipande cha chupa. Tukakitoa.

Ndugu yangu Muislamu, leo ukirudi nyumbani, kabla hujaingia ndani, simama uani kwako. Inama kidogo. Tazama kama anayeishi humo anavyotazama. Ukikuta kivuli, maji na usalama, mshukuru Allah. Ukikuta sumu, shimo au mnyororo, usilale nacho.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuhurumia ili nasi tuhurumiwe, uzifanye nyumba zetu kuwa za amani kwa kila ulichokitia uhai ndani yake, na utusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kughafilika. Aamin.

Wabillahi tawfiq.